Sanduku la Pamoja

"Sikuuza hata debe moja, afande. Nikuapie kwa nani?"

"Usiniapie. Jibu swali."

Antoni, dereva wa lori la dawa, alijifuta jasho kwa kofia. Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa malori wa Shirika la Majosho, pale Igogo mjini Mwanza, na jua la asubuhi lilikuwa limeanza kuuma. Inspekta Mihayo hakuwa na shida kubwa na dereva huyu. Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana, tena amekiri, na kesho angepandishwa treni ya Dar es Salaam kwa amri ya kuwekwa kizuizini kwa hujuma. Yalibaki maelezo ya aliyeibeba dawa, jalada lifungwe, watu wapumzike. Mihayo alikuwa analitaka sana pumziko hilo, kwa sababu kesi hii ilikuwa haimkai vizuri akilini.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Katika kijiji cha ujamaa cha Mwalugoye, ng'ambo ya Misungwi, ng'ombe wa kijiji kizima waliingizwa kwenye josho kuoshwa kupe. Kabla jua halijazama walikuwa wamelala njiani, miguu juu. Bwana Mifugo alipima maji ya josho akakuta dawa imezidi kupita kiasi. Shirika la Majosho likaleta karatasi ya kompyuta yake, ile mashine inayopiga hesabu ya dawa ya kila josho, na karatasi ikaonyesha kwamba Mwalugoye walipangiwa kiasi cha kawaida. Basi aliyezidisha alikuwa kulekule. Mwogeshaji wa josho lile aliitwa Ngosha, na nyuma ya nyumba ya Ngosha alikutwa ng'ombe mmoja mzima, wa mabaka meusi na meupe, ambaye hakuogeshwa.

"Huyu wa nani?" Mihayo alimwuliza siku ile.

"Wangu."

"Wenzake wote umewaingiza. Huyu umemwacha kwa nini?"

Ngosha alitazama chini asijibu. Baadaye, alipooneshwa mizoga, alisema, "Nimewaua mimi. Mkono huu ndio uliomimina." Mihayo aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamwambia aweke dole gumba. Halafu akatia sahihi ng'ombe wa mabaka achinjwe kama kielelezo, ili Bwana Mifugo atazame kama alipewa kinga yoyote. Hakukutwa na kitu. Nyama ililiwa kituoni, na Mihayo naye alikula, akaomba aongezewe.

"Swali ni hili," alisema sasa. "Siku ulipopeleka dawa, kuna kitu chochote ambacho hakikuwa cha kawaida?"

Antoni alifikiri. "Iliisha njiani."

"Nini iliisha?"

"Dawa. Siku zote nikijaza lori hapa Igogo, naimaliza safari na madebe ya akiba yanabaki. Safari hii niliishusha, nikaishusha, nikakuta lori jeupe. Nikarudi stoo kuchukua tena. Mtunza stoo alinitukana, akasema nimeuza. Ndiyo maana nakuapia."

"Madebe yanafungwa hapa?"

"Yanafungwa kwa lakiri. Kule wanavunja wenyewe."

Mihayo aliacha kuandika. Kama Ngosha alizidisha dawa, aliitoa wapi? Dawa yote inatoka stoo hii, na iliyozidi ilikuwa imezidi tangu kwenye lori.

"Hizo za ziada ulizishusha wapi?"

"Sijui za ziada zilikuwa zipi. Mimi nasomewa tu: josho hili madebe haya, shusha. Karatasi wanaichana kazi ikiisha. Ila kusema kweli, Mwalugoye walishusha mpaka wakachoka."

Kwenye dashibodi ya lori kulikuwa na vizibo vya soda ambavyo Antoni aliviweka sijui kwa sababu gani. Mihayo aliviomba, akavipanga juu ya boneti kufuata barabara, kijiji baada ya kijiji. Mwalugoye ndicho cha kwanza kutoka mjini. Halafu akauliza habari za kila josho, kwa maana dereva huzisikia habari zote, hata zisizomhusu.

"Kule mwisho wa barabara?"

"Wazima kabisa. Josho namba moja lile."

"Hapa katikati?"

"Namba tatu. Walichubuka ngozi, wakapona."

"Na hapa baada yake?"

"Namba nne. Ndama walikufa. Wakubwa waliugua."

"Namba mbili?"

"Walijikuna tu siku mbili tatu. Na Mwalugoye ni namba tano, unayajua mwenyewe."

Mihayo alivivuruga vizibo, akavipanga upya, safari hii kwa namba zilizopakwa rangi kwenye kuta za majosho, kuanzia lililojengwa kwanza. Wazima. Kujikuna. Kuchubuka. Ndama kufa. Kufa wote. Kisha akasema jambo ambalo hakupenda kulisema.

"Madhara hayafuati barabara."

"Yanafuata nini, afande?"

"Yanafuata namba. Nani hapa anafanya kazi kwa kufuata namba za majosho?"

Antoni alielekeza kidevu chake kwenye jengo lenye madirisha yaliyofungwa. "Mashine," alisema. "Na yule dada wa Bukoba anayeilisha."

*

Ndani ya chumba cha mashine kulikuwa na baridi ya kutengenezwa, na Kokushubira alikuwa amejitanda kanga mbili juu ya gauni la kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo, amesomea hesabu Uingereza kwa fedha ya serikali, na Shirika lote lilimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha. Alisimama Mihayo alipoingia. Alisimama upesi mno.

"Karibu, ndugu Inspekta. Karatasi niliwapa."

"Mlitupa, asante. Nimekuja kuona inavyotengenezwa. Sisi wengine tuliishia shule ya kati."

Alimwonyesha. Programu, alisema, ni maagizo, na kila agizo moja hutobolewa kwenye kadi yake. Kadi zikipangwa kwa utaratibu wake, mashine huzisoma moja baada ya moja na kutii. Programu ya majosho ilikuwa ndani ya trei ndefu, kadi zimesimama zimebanana kama mkate uliokatwa. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma.

Mihayo hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anazitazama kadi kwa juu. Zilikuwa zimegeuka njano kwa kushikwa na vidole na kwa vumbi la Mwanza, zote, isipokuwa katikati, ambako palikuwa na mstari mmoja mwembamba mweupe. Kadi moja mpya. Akaishika kwa kucha na kuivuta juu kidogo.

"Usiitoe hiyo!"

"Kwa nini?"

"Hesabu zitaharibika."

"Zitaharibika vipi?"

Kokushubira aliirudisha kadi chini kwa kidole. Mashine ilikuwa inanguruma peke yake. Mihayo alikuwa amejifunza kazini kwamba mtu mwenye jambo moyoni hasukumwi, anasubiriwa.

"Zitaharibika," alisema hatimaye, "kama zilivyoharibika kwanza."

Alikaa. Mihayo naye akavuta kiti.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa shule ya kati."

"Kuna kiwango cha dawa," alianza. "Dawa kiasi gani kwa maji kiasi gani. Kinatoka makao makuu. Ndani ya mashine kiwango hicho kinakaa mahali, tuseme ni sanduku. Sasa, josho likiwa na maji ya zamani, kiwango kinaongezwa robo, kwa sababu ng'ombe wanaondoka na dawa kwenye manyoya. Safari hii majosho yote yalikuwa na maji ya zamani. Nina sehemu ya programu ambayo kazi yake ni hiyo tu, kuongeza. Mwongezaji, mwite hivyo."

"Nimemwita."

"Mwongezaji nampaje kiwango? Kuna njia mbili. Ya kwanza, nakinakili. Nampa nakala yake, aikoroge anavyotaka, cha asili kinabaki kilivyo. Ya pili, simpi nakala. Namwambia sanduku liko pale, kafanyie humohumo."

"Ukachagua ya pili."

"Nilikuwa na sababu!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Zamani kila josho lilikuwa na nakala yake. Makao makuu walipobadilisha kiwango, nilisahihisha nakala zote, nikasahau moja. Ng'ombe wa josho lile walioga maji matupu msimu mzima, wakafa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Nikasema, haifai tena. Kiwango kiwe kimoja, sanduku liwe la pamoja, kikibadilika kibadilike kwa wote. Na hilo lilikuwa sahihi, Inspekta. Hata leo nasema ni sahihi. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu, akasema huo ndio ujamaa ndani ya kompyuta."

"Kosa liko wapi, basi?"

"Kusoma kutoka sanduku la pamoja si kosa. Kosa ni kumruhusu mwongezaji aandike ndani yake. Josho la kwanza aliongeza robo, sawasawa. Lakini ile robo ikabaki sandukuni. Josho la pili akaikuta, akaongeza robo juu yake. La tatu vivyo hivyo. Mimi niliona kadi zimepungua na kazi inakwenda, nikafurahi."

Mihayo alikuwa anajaribu kulitafuna jambo hili kwa meno yake mwenyewe, na meno yake yalikuwa ya Misungwi. "Ni kama ng'ombe," alisema polepole. "Nikikupa nyama, nimekupa. Ukiiunguza umeunguza yako. Lakini nikikukabidhi ng'ombe unifugie kwako, halafu ukamkata sikio, ni ng'ombe wangu aliyekatwa sikio. Yuko zizini kwako, lakini..."

Akakwama hapohapo.

Lakini ni wangu. Huwezi kumkata sikio, huwezi kumuuza, wala huwezi kumtia kwenye dawa ngeni ya serikali bila kwanza kuniletea habari. Kila mtoto wa Kisukuma anajua hivyo. Mihayo alikua zizini mwa baba yake, katikati ya ng'ombe ambao nusu yao walikuwa wa watu, na akakatazwa hata kuwarushia jiwe. Mtu mwenye mifugo mingi haiweki yote kwake, na aliyekabidhiwa hamtaji mwenye mali, hasa siku hizi ambapo mwenye ng'ombe wengi anaitwa bepari mkutanoni. Ngosha aliingiza ng'ombe wake wote kwenye josho, wakafa. Alimwacha mmoja. Na yeye Mihayo, mwana wa Misungwi, badala ya kuuliza kama mmoja huyo ni wa kukabidhiwa, kama ambavyo hata mchungaji angeuliza, aliona ujanja.

"Inspekta?" Kokushubira alikuwa anamtazama. "Hujisikii vizuri?"

"Kadi nyeupe," alisema Mihayo. "Malizia."

"Ni ya kunakili. Mwongezaji sasa anapewa chake. Niliigundua kasoro siku ileile habari za Mwalugoye zilipofika. Nikaitoboa kadi, nikaitia. Halafu Mkurugenzi akaniambia nichape karatasi kwa ajili ya polisi." Alikuwa ameanza kulia bila kujifuta. "Nikachapa. Kwa kadi ile mpya ikatoka safi. Nikawapa."

"Ukijua kwamba kuna mtu ndani, na kesho anapandishwa treni ya Dar."

"Nilijua. Nilisema nitakuja kituoni Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nikasema hawatamfunga mtu asiye na kosa, polisi watagundua. Nawe hukugundua!"

Mihayo alilipokea hilo bila kujitetea, kwani lilikuwa lake. Akatoa karatasi, akaandika maelezo yake kwa mkono, akamsomea, akampa asaini. Kadi nyeupe aliiacha ilipo, maana kuna ng'ombe wengine duniani.

"Mimi ndiye nitakayepanda hiyo treni?" aliuliza Kokushubira, kalamu bado mkononi.

"Sijui. Nimeandika kosa la kazi, na nimeandika kuficha. Sikuandika hujuma, kwa sababu si hujuma. Wakubwa watasoma."

"Huyo Ngosha ana watoto?"

"Anao."

Akatikisa kichwa, akajifunika kanga usoni. Mihayo alitoka nje kwenye joto na kusimama kidogo karibu na lori la Antoni, ambako vizibo vilikuwa bado vimepangwa kwenye boneti.

*

Mkuu wa Upelelezi alisoma maelezo mara mbili, akamuuliza Mihayo kama anajua ni aibu kiasi gani anaiingiza ofisini, kisha akatia sahihi ya kumwachia Ngosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amekwisha kupiga simu Dar.

Ngosha alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Mihayo aliingia akachuchumaa mbele yake, kitu ambacho askari wa zamu hakukielewa.

"Umeachiwa. Hesabu ilikosewa ofisini. Wewe ulimimina ulicholetewa."

"Lakini nilimimina mimi."

"Hukujua."

"Ng'ombe walijua? Waliingia kwa sababu niliwaita."

Mihayo akauliza swali lake, akijua amechelewa nalo. "Ng'ombe wa mabaka. Ni wa nani?"

"Wangu."

"Ngosha. Mimi ni mtu wa Misungwi."

"Wa baba mkwe," alisema Ngosha. "Mzee Chenge. Nilimpelekea ujumbe kuhusu josho, jibu likawa halijafika. Nikamfunga nyuma ya nyumba nikisubiri. Ningemtaja mngemwandika bepari." Halafu uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. "Yuko wapi? Anapewa maji? Hapendi maji ya ndoo, yule, anataka apelekwe ziwani."

Kwa miaka yake yote ya kazi Mihayo alikuwa amewapa watu habari za vifo, na alikuwa na namna yake ya kuzisema. Namna hiyo haikuja.

"Tulimchinja."

"Nani?"

"Mimi nilitia sahihi. Awe kielelezo."

Ngosha alimtazama kana kwamba anasubiri maneno mengine, yatakayoyafuta haya.

"Serikali itakulipa," Mihayo aliharakisha kusema. "Nitasimamia mwenyewe. Utapewa ng'ombe mwingine, hata mkubwa kuliko yule."

"Sikukabidhiwa mkubwa," alisema Ngosha. "Nilikabidhiwa yule."

Askari wa zamu alipigapiga funguo mlangoni, anataka kufunga. Ngosha hakusimama.

"Ngozi yake iko wapi?" aliuliza.

Mihayo alijua kwa nini anauliza. Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, mfugaji hupeleka ngozi kwa mwenye ng'ombe ili aione kwa macho yake. Bila ngozi, wewe ni mwizi, hata ukilia namna gani. "Iko stoo ya Bwana Mifugo," alisema. "Nitaichukua."

"Nani ataipeleka?"

"Nitaipeleka mimi."

*

Treni iliondoka bila Ngosha. Asubuhi hiyohiyo Land Rover ya polisi ilisimama mbele ya uzio wa minyaa, karibu na ziwa, na Ngosha akashuka lakini hakuvuka lango. Mkwe haingii hivihivi kwa baba wa mke wake, sembuse akiwa na habari kama hii. Alisimama nje, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama mahabusu.

Mihayo aliivuta ngozi kutoka nyuma ya gari. Ilikuwa imetiwa chumvi, nzito, na lebo ya kielelezo ilikuwa bado imefungwa kwenye sikio kwa uzi wa kituoni, na jina la Mihayo juu yake. Akaibeba begani akaingia.

Mzee Chenge alikuwa anachonga hori la kulishia ndama. Aliangalia sare ya Mihayo, akaangalia alichobeba, akaweka shoka chini.

"Mwangaluka, baba," Mihayo alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Mihayo aliitandika ngozi ardhini. Mzee alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye mabaka, akaligeuza sikio kutafuta alama yake, akaisogeza lebo pembeni kwa kidole bila kuisoma.

"Ni yeye," alisema. "Nimesikia ng'ombe wa Mwalugoye walimalizwa na dawa. Naye aliogeshwa?"

Hapo palikuwa na njia nyepesi, tena pana. Akisema ndiyo, habari ingekwisha. Mzee angeamini, kwa sababu kila mtu alikuwa na habari ya josho. Dawa ingebeba kosa, na mashine, na mwanamke wa Igogo aliyekwisha kubeba mengi. Ila Ngosha, aliyesimama nje ya minyaa, angekuwa mtu aliyeingiza ng'ombe wa mkwe wake kwenye josho bila ruhusa, na angeishi na hilo mpaka kufa kwake. Mihayo alijishangaa kwamba ameifikiria hata kidogo.

"Hapana, baba," alisema. "Mkwe wako hakumwogesha. Aliingiza wake wote, wakafa. Huyu alimfunga, akisubiri neno lako. Nilimkamata kwa sababu hiyo, na huyu nikamchinja mimi. Alikuwa mzima. Na nyama yake nilikula."

Mzee Chenge hakuinua kichwa. Alianza kuikunja ngozi taratibu, miguu ndani kwanza, kama mtu anayekunja shuka ya mgonjwa aliyeondoka. Alipomaliza aliiweka kwenye mapaja yake.

"Jibu langu lilikuwa njiani," alisema. "Nilikuwa nimemwambia asimwogeshe."

"Ndiyo, baba."

"Yuko wapi?"

"Yuko nje. Anaona haya."

"Mwite aingie. Mwambie nimesema mimi, aje akae." Kisha akamtazama Mihayo machoni kwa mara ya kwanza. "Wewe subiri huko nje."

Mihayo alitoka. Alimwambia Ngosha anaitwa, na Ngosha akavuka lango akiwa ameinamisha kichwa. Kutoka ndani zikasikika salamu, ndefu, za mtu na mkwe wake, zisizo na haraka. Inspekta akasimama palepale aliposimama mwenzake, akaweka mikono nyuma, akasubiri.